Jina Alilopachikwa Miss Odessa

Alfred Wanjala ana kipaza sauti chake mwenyewe. Hukiweka kwenye buti ya gari karibu na tairi ya akiba, ndani ya begi jeusi lenye zipu, na popote Wakenya wanapokusanyika hapa Minneapolis na Saint Paul, iwe harusi, matanga au mtoto wa mtu kamaliza haiskuli, utamwona anashuka na begi lile mkononi kabla hajasalimia mtu. Hata ukumbi ukiwa na vyombo vyake, yeye huvikataa. Anasema kile chake kimemzoea. Naamini, maana sijaona kikikaa mkononi mwa mtu mwingine.

Mimi naitwa Nkirote, na nimempikia mtu huyu pilau miaka mingi. Si mume wangu, Mungu apishe mbali. Mke wake ni Keziah, rafiki yangu, mwanamke mpole kupita kiasi. Mimi nilikuwa mkuu wa jikoni katika kamati yake ya sherehe, na hotuba zake zote nimezisikiliza nikiwa nyuma ya sufuria, mahali ambapo mtu husikia kila kitu na hawezi kuondoka kwa sababu wali utaungua. Kwa hiyo nikisema namjua Wanjala, namjua.

Maisha yake nitayaeleza kwa ufupi, jambo ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulifanya. Alizaliwa Kimilili, mtoto wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na nadhani ugonjwa ulianzia hapo, kwenye paredi ya asubuhi, akimtazama baba yake anahutubia na shule nzima imenyamaza. Alikuja Minnesota kusomea uhasibu. Karo ikamshinda, kama ilivyowashinda wengi, akaingia kazi ya kutunza watu wenye ulemavu katika nyumba moja huko Eden Prairie, na mpaka leo yuko huko. Kazi hiyo siicheki. Anawaogesha, anawalisha, anawapa dawa zao kwa wakati, na waliofanya naye kazi wanasema ana mkono mpole. Angekuwa mtu huyo huyo siku ya Jumamosi, nisingekuwa na neno naye. Lakini kazini hakuna anayemwita Mheshimiwa. Kazini ni Alfred njoo, Alfred shuka zimelowa. Basi Jumamosi ikifika anavaa suti ya buluu yenye vifungo vya dhahabu, anageuka kuwa Mwenyekiti, na yote aliyoyanyamazia wiki nzima anatumwagia sisi.

Jambo lingine mlijue mapema. Kwa miaka yote hiyo, ukitaka kumwona Wanjala akikunja uso, mtajie Wamarekani weusi. Nyumbani kwake kuwakwepa lilikuwa somo. Msitembee kama wao, msiongee kama wao, msivae suruali kama wao. "Sisi tulikuja na ndege, tena na visa," alipenda kusema akijipiga kifua, kana kwamba ndege ile aliirusha yeye. Binti yake wa kwanza, Fiona, amezaliwa hapa hapa Minnesota, na mlinzi akimfuata nyuma dukani, huyo mlinzi hamuulizi baba yake alikuja na nini. Hilo Wanjala hakuliona. Aliliona tu lile lililokuwa na faida. Mji ulipotangaza kwamba utazisaidia kwa fedha jamii zitakazosherehekea historia ya watu weusi mwezi wa Februari, mtu mzima akawa mweusi ghafla. Alinunua kofia ya kudarizi. Akaanza kusema "ndugu zetu" na "damu yetu moja". Mimi nilikuwa nakata vitunguu, na sikuweza kumtazama.

Sasa, Fiona. Huyu mtoto ana miaka kumi na saba, mrefu, kimya, Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza tu. Majira ya baridi mawili yaliyopita kanisa letu hapa Brooklyn Center liliwatuma vijana kuwaondolea wazee theluji mlangoni, na Wanjala akapiga picha za kutosha, na kazi ikaishia hapo. Vijana wengine waliacha. Fiona aliendelea na nyumba moja ya mtaani kwao, ya mama mmoja mweusi wa hapa aitwaye Odessa Tibbs. Fiona alimwita Miss Odessa, kwa adabu ya watu wa mama huyo, nasi tukafuata. Alikwenda kuondoa theluji, akawa anakaribishwa chai, akawa anakaa mpaka jioni akisikiliza.

Alichokuwa anasikiliza ni hiki. Miss Odessa, ambaye amepita miaka themanini, alizaliwa Saint Paul, mtaa wa Rondo, ambako watu weusi walikuwa na nyumba zao, makanisa yao, vinyozi wao na maduka yao. Alipokuwa msichana serikali ikaamua kupitisha barabara kuu katikati ya mtaa huo. Nyumba zikabomolewa, watu wakatawanyika. Barabara yenyewe ni hiyo 94, ambayo nusu yetu tunaipita kila asubuhi kwenda kazini tukila andazi kwa mkono mmoja.

Mwezi wa Januari madaktari walimwambia Miss Odessa kwamba kansa ya koo imefika pabaya. Wangemfanyia upasuaji na kuondoa kisanduku cha sauti, na baada ya hapo asingesema tena kwa sauti yake. Siku waliyompa ilikuwa Jumanne, na sherehe yetu ilikuwa Jumamosi kabla ya Jumanne hiyo.

Wazo lilikuwa la Fiona. Alitaka Miss Odessa aje aisimulie habari ya nyumba yao mbele ya watu, kwa sauti yake, mara ya mwisho. Nilimuuliza mbona asimrekodi tu kwa simu, yakaisha. Akaniambia amejaribu, na Miss Odessa amekataa. Wanafunzi walishakuja kwake na mashine, wakachukua, wakaenda, hakusikia tena habari zao. Yeye alitaka nyuso. Na alitaka nyuso zetu hasa. Alikuwa amemwambia Fiona: "Watu wa kwenu ndio wanaopita juu ya jiko la mama yangu kila siku. Nataka wanitazame nikiwaambia."

Fiona alimwomba baba yake jikoni kwao, mimi na Keziah tukiwa tunachambua mchele.

"Dad, please. Just twenty minutes. It's the last time she can."

Wanjala akafungua mikono yote miwili. "Fiona, my daughter, unauliza nini? Huyo mama ndiye atakuwa guest of honour! Atakaa high table, katikati. Time itapatikana."

Mtoto akafurahi, akamkumbatia baba yake, na Keziah akafuta machozi kwa kanga. Mimi nilirudi kwenye mchele. Sikuwahi kuona dakika zikimtoka Wanjala mkononi, lakini nilijiambia pengine kwa mwanawe.

Kamati ilikaa vikao viwili juu ya mgeni huyu. Mtu angedhani tulipanga atasema nini, ataketi vipi, koo lake linaumwa apewe nini. Hapana. Vikao vyote viwili tuligombania jina. Wanjala alikuja na wazo kwamba mgeni asiondoke mikono mitupu, apewe jina la Kiafrika mbele ya watu, "ili arudi nyumbani rasmi." Kila mtu akapiga meza. Halafu likaja swali la jina la kabila gani, na hapo ndipo ungejua sisi ni nani. Wanjala, kwa kuwa ni Mbukusu, alitaka Nafula. Wambui, mweka hazina wetu, akasema Nafula haiwezekani, Wakikuyu ndio waliotoa viti na hema mwaka jana, mama wa watu ataitwa Nyambura. Wakatupiana maneno mpaka chai ikapoa. Majina yote mawili ni ya mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na nje ilikuwa inaanguka theluji.

"Kwani huyo mama hana jina?" niliuliza.

Wambui akanigeukia. "Nkirote, kama unataka aitwe jina la Kimeru sema tu."

Niliondoka nikaenda kuosha vikombe. Mwenyekiti akalipitisha Nafula kwa mamlaka ya kiti.

Jumamosi ikafika. Tangazo lilisema saa nane mchana, na ukumbi, ulio hapa hapa Brooklyn Center, tulikuwa tumepewa mpaka saa moja jioni. Saa nane kamili Miss Odessa aliingia, amevaa kofia ya kanisani ya zambarau na glavu za rangi hiyo hiyo, amemshika Fiona mkono. Ukumbini tulikuwa mimi, sufuria, na viti. Nilikimbia kumpokea. Alinishika mkono, akatabasamu, lakini hakusema kitu. Fiona akanieleza kwamba tangu jana yake hajanena neno, anaitunza sauti. Mkobani alikuwa na chupa ya maji ya moto yenye asali. Nikamwekea kiti karibu na hita, na hapo alikaa, ameunyoosha mgongo, akiwasubiri watu ambao walikuwa bado nyumbani wanapiga pasi.

Walifika saa kumi. Wanjala alifika baada yao, kwa makusudi, ili apigiwe makofi. Alitoa kile kipaza sauti chake, akakipulizia, akakigonga, akasema "hello, hello" mpaka masikio yakauma, halafu akaanza.

Ilianza kwa sala. Baada ya sala, mchungaji wa kanisa la pili naye akapewa sala, asije akanuna. Wanakamati wakasimamishwa mmoja mmoja, kila mmoja akaambiwa "wasalimie watu," na mnajua Mkenya akiambiwa awasalimie watu anafanya nini. Anasalimia kwa jina la Yesu, anasalimia tena kwa kuwa mmeitikia kwa uvivu, anaeleza alivyofika Amerika, anatangaza biashara yake ya bima. Kisha vyama vikaitwa, chama cha watu wa Bungoma, cha watu wa Kisii, cha watu wa Nyeri, na kila mwenyekiti akaja na katibu wake. Akaja kijana mmoja anayetaka kuwa diwani, Mzungu, amefungwa shali ya kitenge, akasema "jambo" na kila mtu akalia kwa furaha. Kisha akina mama wakapita na mavazi ya kikabila, wakarudi, wakapita tena kwa sababu picha za kwanza zilitoka na giza. Kati ya kila jambo na jambo, Wanjala alihutubia. Alieleza historia ya mtu mweusi kutoka Misri ya kale mpaka yeye.

Miss Odessa alikuwa katikati ya meza kuu, nyuma ya maua ya plastiki, akinywa maji yake ya asali kidogo kidogo. Kila Wanjala alipotaja "mgeni wetu wa heshima" alijiweka sawa na kushika kingo za meza ili ainuke, na kila mara ikawa siyo yeye bado. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi mno.

Fiona alimwendea baba yake mbele ya watu wote, akamnong'oneza. Wanjala akamkumbatia kwa mkono mmoja na kusema kwenye kipaza sauti: "Huyu ni binti yangu! A student! Mpigieni makofi!" Watu wakapiga. Mtoto akarudi nyuma, akaja jikoni kwangu, akasimama akitazama saa ya ukutani. Baadaye akaenda tena. Safari hii baba yake alimwashiria kwa kiganja, ngoja.

Jua lilishazama madirishani walipoleta keki. Ilikuwa na umbo la bara la Afrika. Sisi Wakenya hatukati keki tukala tu. Lazima tulishane mbele ya kamera. Wanjala akachukua kipande kwa uma, kipaza sauti mkono wa pili, akamsogezea Miss Odessa mdomoni. Mama akatikisa kichwa, akaonyesha koo lake. Wanjala akacheka. "Anaona haya! Mama, open!" Akamtia. Mgonjwa wa kansa ya koo. Mama akakohoa, akashika leso, akakohoa mpaka mabega yakatikisika, na ukumbi ukapiga vigelegele. Niliacha mwiko nikaanza kwenda mbele, lakini Fiona alishafika, amempa maji.

Hawakumsubiri apumue. Wambui akaja na shuka jekundu la Kimasai, na hakuna Mmasai hata mmoja katika kamati nzima, akamfunga begani juu ya ile nguo yake nzuri. Na Mwenyekiti akakohoa kidogo kusafisha koo lake yeye, lililokuwa zima kabisa.

"Mama," alisema kwa Kiingereza cha jukwaani, "hilo jina Odessa ni la utumwa. Leo tunalivua. Leo umerudi nyumbani. Kuanzia sasa wewe ni Mama Nafula!"

Ukumbi ukasimama. Vigelegele, simu juu, mtu mmoja akapuliza firimbi. Mlinzi wa ukumbi naye akatokea mlangoni, akazima taa moja na kuiwasha, maana saa yetu ilikuwa imefika.

Miss Odessa aliinuka mwenyewe. Alinyoosha mkono apewe kipaza sauti. Wanjala hakumpa. Alimshikia, kama anavyoshikiwa mtoto wa Sunday school, yeye mwenyewe akitazama kamera. Mama akaanza, kwa sauti nzito iliyokwaruzika lakini iliyosikika mpaka kwangu nyuma: "Jina langu ni Odessa Tibbs. Baba yangu aliitwa Lucius Tibbs, na nyumba yetu..."

"Nyumba yetu!" Wanjala alikirudisha kipaza sauti kwake. "Mmesikia? Anasema huku ni nyumbani! Amina! Makofi kwa Mama Nafula!"

Akaingia moja kwa moja kwenye shukrani. Aliwashukuru waliotoa viti. Mlinzi alizima taa akiwa bado anawashukuru, akamalizia gizani.

Miss Odessa alilivua lile shuka, akalikunja pembe kwa pembe, akanipa mimi pale jikoni. Hakukasirika wala hakulia. Alikuwa amechoka, amechoka kabisa, na sauti aliyoitunza siku mbili ilikuwa bado yote iko ndani. Fiona akamshika mkono wakatoka kwenye theluji.

Nilimfuata Wanjala kwenye gari lake akiweka begi kwenye buti.

"Mwenyekiti, yule mama hajazungumza."

"Nkirote, si ulimwona alivyofurahi? Program ilikuwa tight. Next year tutampa time ya kutosha."

"Next year hatakuwa na sauti. Jumanne inaondolewa. Mwanao alikuambia."

Akafunga buti. Akanitazama kwa huruma, mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa kuelewa. "Mungu ni mwema," akasema, akaingia garini.

Nimewahi kuwadharau watu, lakini huwa najisikia vibaya baadaye. Usiku ule sikujisikia vibaya hata kidogo.

Jumanne upasuaji ukafanyika. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo kanisani, Wanjala alisimama kutoa ripoti. Alisema sherehe ilikuwa ya kihistoria. Alisema mji umefurahi na ameombwa aandae na ile ya Juni, ya kukumbuka kuachwa huru kwa watumwa. Halafu akasema: "Na mgeni wetu, Mama Nafula, sasa yuko hospitali, tumwombee. Siku ile alifurahi mpaka akakosa maneno."

Fiona aliinuka kwenye safu ya vijana, akapita katikati ya kanisa, akatoka. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu ya kugawa chai. Niliiacha birika juu ya meza nikamfuata, nikamkuta amesimama kwenye maegesho bila koti, nikafungua gari.

Hospitali yenyewe iko Saint Paul. Miss Odessa alikuwa ameinuliwa kwa mito, bomba shingoni, kibao cheupe cha kuandikia kimewekwa pembeni na kalamu yake imefungwa. Nesi alituambia haandiki sana, anachoka. Alipomwona Fiona alifungua kiganja juu ya blanketi, na Fiona akakishika, akavuta kiti. Halafu akaanza kusimulia.

Alisimulia kwa Kiingereza, nami nawapa kwa lugha yetu. Hakuomba ruhusa. Alianza mlangoni, kwenye baraza ambayo Lucius Tibbs aliijenga kwa mikono yake siku ambazo hakuwa safarini kikazi. Akasimulia jikoni, mama yake Odessa akikaanga samaki kila Ijumaa na dirisha liko wazi, hata majirani wakajua chakula kiko tayari bila kuitwa. Alisema pazia la dirisha hilo lilikuwa la buluu, na Miss Odessa akagonga chuma cha kitanda kwa pete yake. Fiona akamtazama.

"Kijani?" akauliza.

Mama akaitikia kwa kichwa, na Fiona akaendelea na pazia la kijani. Akikosea, chuma kinagongwa, anarudi nyuma, anatengeneza. Nilielewa kwamba mtoto huyu amekalia kile kiti cha chai majira mawili ya baridi na hakuna neno lililomwangukia chini.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Sisi tuna desturi ya kumtembelea mgonjwa kwa msafara, na msafara ulikuwa umefika kutoka kanisani: Wanjala na suti yake, Keziah, Wambui, na mfuko wa machungwa kwa mtu asiyeweza kumeza mate.

"On behalf of the committee," Wanjala alianza akiwa bado mlangoni, "na kwa niaba ya jamii nzima..."

Chuma kikagongwa. Wanjala akadhani anasalimiwa, akatabasamu, akaendelea. Kikagongwa tena, kwa nguvu, na Miss Odessa akanyoosha kidole, si kwake, kwa Fiona. Endelea.

Hapakuwa na kiti kingine. Mwenyekiti alisimama na mfuko wake mkononi, bila kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisikiliza kitu mpaka mwisho.

Fiona hakumtazama. Alikuwa amefika kwenye kazi ya Lucius Tibbs, aliyekuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala kwenye treni. Alitandika vitanda, alivipiga rangi viatu vya abiria, alibeba mizigo yao. Na abiria wote, kila safari, walimwita George. Hawakumuuliza jina lake. Kila mhudumu mweusi kwenye treni zile aliitwa George, ilikuwa ndiyo desturi yao, na wengi walilisema kwa tabasamu wakidhani wanamfurahisha. Kwa hiyo usiku aliorudi nyumbani, kabla ya kula, mama yake Odessa aliwasimamisha watoto wote mezani wakamwambia baba yao, "Karibu nyumbani, Lucius Tibbs." Jina zima. Ndipo alipokaa. Na hicho, alisema Fiona, ndicho Miss Odessa alitaka watu wakijue kuhusu nyumba ile. Si mbao wala baraza. Ilikuwa mahali pekee ambapo baba yake aliitwa jina lake.

Keziah alikuwa analia. Wambui alitazama viatu vyake.

Fiona akamaliza. Asubuhi ya kuhama, mizigo ikiwa tayari juu ya lori, mama yake Odessa alirudi ndani na ndoo, akapiga magoti, akasugua sakafu ya jikoni yote. Watu wa tingatinga walikuwa wanamsubiri nje. Aliposhuka barazani aliwaambia watembee pembeni, sakafu bado ni mbichi.

Miss Odessa alikuwa amefumba macho na uso wake umetulia, mkono bado uko ndani ya mkono wa Fiona. Wanjala aliweka mfuko chini. Akasafisha koo. Nikasema moyoni, haya, sasa atasema pole, hata mtu kama huyu. Bila kipaza sauti, sauti yake ni ndogo, nilikuwa sijui.

"Mama Nafula," alisema, akitoa simu mfukoni, "just one photo, ya kuweka kwa group?"

Miss Odessa hakufungua macho. Aligonga chuma mara moja.

Wanjala akatutazama mmoja mmoja, simu imeinuliwa, kana kwamba hakuelewa. Ndipo Fiona akamgeukia baba yake. Maishani mwake hakuwahi kumjibu kwa Kiswahili, na alikisema polepole, akitafuta kila neno.

"Amekataa, Baba. Na anaitwa Odessa Tibbs."